Kinder Scout, na Kifaa cha Kumwongoza Mgeni wa Milima



Wamo miongoni mwetu walioishi Manchester, Leicester au London miaka ishirini na zaidi, wakalea watoto na wakaoza, na ambao hawajapata kukanyaga mlima wowote wa nchi hii. Si ajabu. Aliyekuja kutafuta maisha huijua njia ya kazini, ya shuleni, ya msikitini na ya duka liuzalo muhogo na ndizi mbichi, nazo zamtosha. Lakini watoto waliozaliwa hapa hupelekwa huko na shule zao, na wakirudi na matope hadi magotini hutaka baba na mama nao waende. Ndivyo tulivyoanza, familia tano, kupanda treni pale Manchester Piccadilly siku za Jumamosi kwenda Edale. Tangu hapo jamaa wanaotaka kutufuata hutuuliza mengi, na moja hurudi kuliko yote: tununue kifaa gani cha kutuonyesha njia? Kwa kuwa jibu lategemea mahali, hatuna budi kuanza na mahali penyewe.

Edale ni kijiji kidogo cha nyumba za mawe katika jimbo la Derbyshire, kwenye reli iendayo Sheffield. Kutoka Manchester ni kama dakika 45, na kutoka Sheffield ni nusu saa na kitu. Ukishuka stesheni, upande wa kaskazini waona mlima mrefu uliolala kama mgongo wa ng'ombe. Huo ndio Kinder Scout, mita 636, pahala pa juu kuliko pote katika Hifadhi ya Taifa ya Peak District, iliyotangazwa mwaka 1951 kuwa hifadhi ya kwanza ya aina yake Uingereza. Mwenyeji wa Tanga atacheka, kwani mji wa Lushoto peke yake uko juu zaidi ya mara mbili ya hapo, sembuse Kilimanjaro yenye mita 5,895. Acheke, lakini asije na kandambili. Milima ya hapa haipimwi kwa urefu wake tu. Upepo hauna kizuizi, mvua hugeuka theluji pasi na taarifa, na mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi za jioni.

Mlima huu una historia inayotuhusu zaidi ya tunavyodhani. Zamani ulikuwa mali ya matajiri waliouhifadhi kwa ajili ya kuwinda ndege, na mfanyakazi wa viwandani hakuruhusiwa kuweka mguu. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wa kutoka Manchester, waliondoka upande wa Hayfield wakaupanda kwa makusudi bila ya idhini. Aliyewaongoza ni Benny Rothman, kijana wa miaka ishirini, mtoto wa Mayahudi waliohamia Manchester kutoka Romania. Watano kati yao walifungwa jela, na Rothman alikuwa mmojawapo. Hifadhi ya mwaka 1951, na sheria ya mwaka 2000 iliyompa kila mtu haki ya kutembea kwa miguu katika nyika za namna hii, vyote vina asili yake katika madai ya watu kama wale. Twaitaja habari hii kwa sababu baadhi ya mama zetu huuliza kwa sauti ya chini kama kweli tumeruhusiwa kupita huko. Tumeruhusiwa, tena mtoto wa wahamiaji alifungwa kwa ajili hiyo kabla yetu.

Sasa tuje kwenye umbo la mlima, maana hapo ndipo penye shauri la kifaa. Milima mingi ina kilele: ukipotea, panda, utafika, ukitaka nyumbani, teremka. Kinder Scout haina kilele cha kuonekana. Juu yake ni uwanda mpana, karibu tambarare, wa udongo mweusi mzito uliotokana na mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka. Maji ya mvua yameuchimba udongo huo makorongo yasiyo na mpango, mengine yakizidi kimo cha mtu. Ukishuka ndani ya korongo huoni ila kuta nyeusi na mbingu. Ukipanda upande wa pili, korongo jingine liko mbele yako, nalo halielekei ulikokusudia. Katika hali njema ya hewa ni mchezo, na watoto hufurahi. Ukungu ukishuka, mtu aweza kuzunguka saa nzima akidhani anakwenda mbele. Na ukingo wa uwanda una magenge ya mawe, likiwemo lile la Kinder Downfall ambapo mto huanguka mita 30 hivi, na upepo ukivuma kutoka magharibi huyarusha maji yale kurudi juu kama moshi. Ni ajabu ya kutazama, ila si mahali pa kufikia kwa kubahatisha.

Njia tuipendekezayo kwa anayeanza haiingii katika makorongo hayo. Huondoka Edale, hupita mashamba ya kondoo hadi Upper Booth, hupanda ngazi za mawe ziitwazo Jacob's Ladder, kisha hufuata ukingo wa uwanda hadi Kinder Low, mita 633, penye nguzo fupi ya wapimaji wa ramani iliyosimama juu ya jiwe. Kwenda na kurudi ni maili 9 au karibu. Njia ni dhahiri mpaka karibu na ile nguzo. Hapo mawe na udongo huenea kila upande, na nyayo za watu zimetawanyika. Ukiondoka penye nguzo kwa kukisia, ni rahisi sana kuteremka upande wa magharibi, ukajikuta Hayfield, nawe tiketi yako ya treni ni ya Edale, ng'ambo ya mlima mzima.

Mwezi wa Oktoba mmoja tulikuwa hapo hapo, watu kumi na tisa pamoja na watoto, wingu lilipotufunika. Kwa dakika chache hatukuona zaidi ya hatua thelathini. Tulikuwa tumejiandaa: ramani ya karatasi, dira mbili, na kifaa kidogo cha vibonye kilichokuwa kimewashwa tangu stesheni. Vijana walitoa simu zao. Ya mmoja, iliyoonyesha kuwa na chaji ya kutosha, ilizimika kwa baridi mkononi mwake. Ya mwingine iliwaka vyema, lakini kioo chake kilikuwa na matone ya mvua na vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, basi kila alipogusa ramani iliruka kwingine. Bibi mmoja, ambaye ni mama wa rafiki yetu na mzaliwa wa Pemba, alikitazama kile kifaa kidogo akasema, "Mwanangu, na hicho kidude kikizima je?" Tukamjibu, "Mama, kikizima tutatia betri nyingine, hizi hapa mfukoni." Hakuuliza tena. Kifaa kilikuwa kimeuandika mstari wa nyayo zetu zote tangu asubuhi, nasi tukaurudia mstari ule hatua kwa hatua mpaka kwenye ngazi za mawe, tukitoka chini ya wingu karibu na daraja dogo lililo chini ya ngazi.

Penye nguzo ile ile tuliwakuta vijana wawili wageni, Waingereza, wenye kifaa cha bei kubwa kuliko chetu mara tatu au nne, chenye kioo cha rangi na ramani ndani yake. Walikuwa na ramani ya karatasi pia. Taabu yao ilikuwa kwamba kifaa kiliwapa digrii za latitudo na longitudo kama kilivyotoka dukani, na ramani yao ilikuwa imechorwa miraba ya namba za namna nyingine, basi vitu viwili hivyo havikuzungumza. Tuliwabadilishia mpango huo katika menyu, ikachukua dakika moja, tukateremka nao.

Kisa hiki kina karibu kila kitu tutakachokieleza, ila kwanza tuondoe dhana moja ambayo twaiona ni ya hatari. Jamaa wengi hudhani kwamba aliyebeba kifaa cha GPS huonekana na setilaiti, na kwamba akipotea wapo watu mahali fulani wanaomwona. Sivyo hata kidogo. Kifaa cha kawaida cha mkononi ni kipokezi tu, husikia, hakisemi. Setilaiti za GPS huzunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi, kila moja ikitangaza saa yake na mahali ilipo. Kifaa hupima muda uliochukuliwa na tangazo hilo kufika, nao ni chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kisha kwa kupata setilaiti nne au zaidi hupiga hesabu ya mahali kilipo chenyewe. Hesabu hiyo yabaki mkononi mwako. Hakuna askari, wala ofisi, wala mke nyumbani aijuaye mpaka wewe umwambie. Kwa hiyo kabla ya kuondoka, andika jina la njia na saa ya kurejea, umwachie mtu.

Viko vifaa vya aina nyingine vyenye uwezo wa kutuma ujumbe kwa setilaiti na kuomba msaada, kama inReach ya kampuni ya Garmin, ambavyo hutumia setilaiti za Iridium. Ni vitu vizuri, lakini pamoja na bei ya kifaa kuna ada ya usajili, na kwa matembezi ya siku moja Derbyshire hatuoni haja ya kuanza na hivyo. Aidha, mwenye navyo asije akavitia kwenye sanduku akasafiri navyo kila nchi. India, kwa mfano, imewakamata wasafiri kwa kubeba vyombo vya mawasiliano ya setilaiti bila ya kibali.

Turudi kwa kipokezi. Jambo la kwanza la kutazama dukani ni vibonye. Vya kioo cha kugusa hupendeza kaunta, ambako mikono yako ni mikavu na kuna joto. Nenda na glavu zako za sufi, uzivae mbele ya muuzaji pasi na haya, ujaribu kukiwasha kifaa, kutia alama ya mahali, na kuirudia alama hiyo. Usipoweza ukiwa na glavu, kirudishe rafuni. Maduka ya vifaa vya milima yaliyoko Hathersage na Castleton, katika bonde lile lile la reli, yamezoea wateja wa namna hii, na hakuna atakayekushangaa.

La pili ni betri. Sisi twapendelea kifaa kitumiacho betri mbili za kawaida za saizi ya AA, zile za tochi, zipatikanazo kila duka la pembeni. Kifaa chenye betri ya ndani ya kuchaji chaweza kukaa muda mrefu zaidi; GPSMAP 67 ya Garmin, mathalani, watengenezaji wake huipa hadi saa 180. Lakini ikiisha ukiwa juu, huna la kubadilisha isipokuwa umebeba akiba ya umeme na waya wake, na waya ndio kitu cha kwanza kusahauliwa mezani. Tofauti ya betri na betri nayo ni kubwa. Zile za alkalini za bei nafuu hulegea katika baridi. Za lithiamu zisizochajiwa ni ghali ila huhimili baridi kali na ni nyepesi. Za kuchaji za nikeli hufaa sana kwa matumizi ya kila wiki. Katika menyu kuna mahali pa kukieleza kifaa umetia aina gani, na usipokieleza kitakudanganya juu ya kiasi kilichobaki.

La tatu ni lile lililowasumbua wale vijana wawili, nalo ndilo tungependa msomaji alishike zaidi. Ramani za Uingereza, zitolewazo na Ordnance Survey, idara iliyoanzishwa mwaka 1791, zimegawanywa kwa miraba ya kilomita moja, na kila mraba una herufi mbili na namba zake. Kijiji cha Edale kimo ndani ya mraba wa SK 12 85. Ukiongeza tarakimu wapata mahali padogo zaidi: namba sita hukupa nafasi ya mita 100, na namba nane hukupa mita 10. Waokoaji wa mlimani huzungumza lugha hii, na ramani ya karatasi huzungumza lugha hii. Basi kifaa chako nacho lazima kiizungumze. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuonyeshe kwenye menyu pa kuchagua miraba ya Uingereza badala ya latitudo na longitudo. Vifaa karibu vyote vina mpango huo, ila hutoka kiwandani bila ya kuwekewa.

Pamoja na miraba kuna kipimo cha msingi cha ramani, kwani dunia si tufe kamili, na kila taifa liliipima kwa namna yake zamani. Ukichagua miraba ya Uingereza, kifaa chenyewe hubadilisha kipimo kikawa kile kiitwacho OSGB 36. Wewe hakikisha tu. Ukichanganya vipimo viwili waweza kukosea kwa takriban mita 100, na penye genge mita 100 si kitu cha kuchezewa. Wasomaji wetu wa London wanaweza kuliona jambo hili kwa macho. Wakienda Greenwich, kwenye ule mstari ambao watalii hupigia picha mguu huku na mguu huku, wakiwasha kifaa wataona hakisomi sifuri. Sifuri ya GPS iko mita 102 mashariki ya mstari, ndani ya bustani, mahali pasipo na mtalii hata mmoja.

Baada ya hayo matatu, mengine hayatuumizi kichwa. Muuzaji atakueleza kwamba kifaa hiki hupokea GPS ya Wamarekani, GLONASS ya Warusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya Wachina. Ni kweli, na ni faida, lakini vifaa vya siku hizi kwa wingi hupokea zaidi ya mfumo mmoja. Atakueleza vilevile juu ya vile vipokeavyo masafa mawili kwa pamoja, vyenye usahihi zaidi. Faida yake huonekana kati ya majengo marefu, msituni, au chini ya magenge, ambako mawimbi hugonga na kurudi. Juu ya Kinder mbingu yote iko wazi, na kifaa cha kawaida hukupa mahali ulipo kwa tofauti ya mita 3 hadi 5, nayo yatosha kabisa. Kuingia maji vyote vya maana huhimili.

Jambo moja dogo tu la kuuliza: je, kina dira ya umeme ndani yake? Visivyo nayo, kama eTrex 22x, huujua mwelekeo wako kwa kuona unakotembea. Ukisimama, mshale hutangatanga. Anayeanza, akiwa amesimama ukungunii kwa hofu, huuamini mshale unaotangatanga akaufuata. Au nunua chenye dira, kama eTrex SE iliyotoka mwaka 2023, ambayo ni ya bei ya chini, ina vibonye, hutumia AA mbili, na kioo chake si cha rangi lakini husomeka vyema juani. Au kaa na dira ya kawaida ya sumaku, ya bei ya pauni ishirini hivi, uitie shingoni. Sisi twasema ukae na dira kwa hali yoyote. Wazee wetu wa majahazi walikuwa na dira na nyota, wakafika Maskati na kurudi, wala hawakuhitaji menyu.

Je, ramani ya rangi ndani ya kifaa? Hapa tutatofautiana na wauzaji, na huenda na baadhi ya wasomaji. Kioo cha mkononi ni kidogo kama kadi ya benki au kidogo zaidi. Chakuonyesha ulipo, lakini hakikuonyeshi vizuri kilicho kati yako na unakokwenda: korongo, genge, ukuta, kinamasi. Ramani za kina za Ordnance Survey za kutia ndani ya kifaa nazo ni gharama juu ya gharama. Kwa fedha kidogo mno wapata karatasi ya OL1, ya eneo la Dark Peak, sentimita nne kwa kila kilomita, ambayo familia nzima yaweza kuitandaza juu ya jiwe na kuijadili, na watoto wakajifunza. Pamoja nayo hupewa namba ya kuifungua ramani hiyo hiyo katika simu. Kwa hiyo anayeanza, twaona, anunue kifaa rahisi cha kumpa namba na mstari wa nyayo, na pesa inayosalia aitie katika viatu.

Wako wanaotuuliza kuhusu vifaa vya zamani vilivyolala kabatini, au vinavyouzwa rahisi kwa mtu wa pili. Kipokezi cha kwanza cha mkononi kuuzwa kwa raia, Magellan NAV 1000, kilitoka mwaka 1989, na cha miaka ile kilikuwa kizito na ghali mno. Hadi tarehe 2 Mei 2000 Wamarekani waliyaharibu kwa makusudi mawimbi ya raia, hata mtu aweza kukosea kwa mita 100. Walipoacha, vifaa vile vile vikawa sahihi kwa usiku mmoja. Kwa hiyo cha zamani si lazima kiwe kibovu kwa kupima mahali. Lakini hesabu ya wiki ndani ya mfumo huu hurejea sifuri kila baada ya wiki 1,024, na iliporejea Aprili 2019 baadhi ya vifaa vya kale vilipoteza tarehe. Kioo chake huwa kimefifia na sehemu ya betri imeshika kutu. Cha bure, kichezee bustanini. Cha kununua, nunua kipya.

Na simu? Hatusemi iachwe nyumbani. Ndiyo ya kuitia msaada, na iPhone 14 na zilizofuata zaweza hata kuomba msaada kwa setilaiti hapa Uingereza tangu Desemba 2022. Tunalolisema ni kwamba simu iwe ya kuita, isiwe ya kuongoza. Izime, uitie ndani ya mfuko usiopenya maji karibu na mwili ipate joto, na iwe na chaji kamili saa utakapoihitaji.

Kuna faida moja ya kifaa ambayo waliokiunda sidhani waliifikiria. Tia ndani yake alama ya Makka, latitudo 21° 25′ kaskazini na longitudo 39° 49′ mashariki, na popote utakapokiuliza kitakuambia Kibla na umbali. Kutoka Kinder ni kama digrii 119, upande wa kusini-mashariki, kilomita elfu tano hivi. Kifaa hufuata njia fupi juu ya mviringo wa dunia. Halafu weka dira chini, geuza mpaka digrii hiyo, tandika msala nyuma ya jiwe lenye kukinga upepo. Tofauti ya kaskazini ya sumaku na ya kweli katika sehemu hizi kwa sasa haifiki digrii 2, basi usijisumbue nayo. Kifaa hukupa pia saa ya kuzama jua mahali hapo hapo, na katika majira ya baridi, ambapo Alasiri hukimbilia nyuma ya Adhuhuri, twapanga safari yetu kwa saa hiyo kuliko kwa kitu kingine.

Kabla ya mlima, jizoeze mjini. Nenda Heaton Park au bustani yoyote kubwa iliyo karibu nawe, simama mlangoni ungoje kifaa kipate setilaiti, tia alama, kisha zunguka kwa nusu saa bila ya kufuata njia. Mpe mtoto wa miaka kumi akurudishe mlangoni. Akiweza yeye, nawe unaangalia tu, basi kifaa kimefaa. Rudia siku ya mvua ukiwa na glavu. Mpango wa miraba, aina ya betri na alama ya stesheni ya Edale viwekwe nyumbani jioni, penye chai na miwani.

Ikitokea shida juu, piga 999, omba polisi, kisha waombe waokoaji wa mlimani. Uwasomee herufi mbili na namba zilizo kwenye kioo. Ni watu wa kujitolea na hawatozi kitu. Penye mtandao dhaifu ujumbe mfupi hupenya pale simu isipopenya, lakini lazima uwe umejiandikisha kabla: andika neno "register" uutume kwa 999, ufuate maelezo. Kama simu haifai kabisa, puliza filimbi mara sita, ngoja dakika moja, puliza tena mara sita. Ukisikia mipulizo mitatu, umesikiwa, usiondoke ulipo.